Fundi Aliyebakiziwa Mkono

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, wa kwanza kati ya watoto watano. Kitinda mimba, anayewasomea haya, alilelewa mgongoni mwake.

Alisoma hadi darasa la saba, 1985. Siku moja mwalimu wa hesabu alipasukiwa suruali ubaoni, na aliyeitwa ni yeye. Alimshona vivyo hivyo amesimama. "Mwalimu, ukicheka nakudunga." Mwalimu hakucheka.

Alifungua chumba chake cha ushonaji mwaka 1993. Cherehani yake iliwasomesha wadogo zake wote, ikawaoza wawili. Mwaka 1995 alifunga ndoa na mumewe, aliyekuwa akitafuta kazi. Bado anatafuta.

Shingo ilianza kumuuma 2017. Zahanati wakamwambia ni kuinama tu. Mume akamnunulia mto mpya. Aliposhindwa hata kugeuka kitandani ndipo akapigwa picha. Kumbe uvimbe ulishakula pingili mbili za shingo! Daktari wa upasuaji aliwaita ndugu, hakuwaficha. "Nikiutoa mzima pamoja na mfupa wake, nitakata mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia. Mkono utapooza, lakini ana nafasi nzuri ya kupona. Nikiukwangua, mkono utabaki, ila uvimbe huenda ukarudi."

"Upooze," alisema marehemu. "Ninao mwingine."

"Sasa dada, na sisi je?" akauliza mdogo wake wa kiume. Mume akaangua kilio. Marehemu hakuwahi kumwona mtu huyo akitoka jasho, sembuse machozi. Yakamshinda.

"Haya, kwangueni."

Walikwangua, wakaziba pengo kwa mfupa wa nyonga, bamba la chuma na skrubu. Alirudi kwenye cherehani na kola ngumu shingoni. Wakamsifu: "Dada ni chuma!" Kisha wakamletea sare za shule za watoto wao.

Uvimbe ulirudi 2021, na safari hii hapakuwa na cha kukata. Miguu ilitangulia kufa. Juma la mwisho mume alimpelekea shati wodini, kifungo kimekatika. Alikishona akiwa amelala, kikakaza. Shati lenyewe ndilo hilo mume alilovaa leo.

Alifariki tarehe 2 Juni 2023. Ameacha mume, watoto wawili na wadogo wanne, wote wakiwa na mikono mizima. Apumzike kwa amani, maana alipokuwa hai hakuruhusiwa.