Panya Wanaokunywa Manyasi

Mwaka wa 1992, kijiwe cha Saleh pale Kaloleni, Kisumu, kilikuwa benchi moja, jiko la makaa na birika la kahawa. Aoko aliuza mandazi pembeni, binti yake Anyango mgongoni, akisikiliza wanaume wakibishana. Aliwapenda: moshi ukimgeukia mtoto, mmoja wao aliinuka bila kuambiwa akalisogeza jiko. Siku hiyo walimkalia kooni Waliaula, mwosha vizimba vya panya katika maabara ya watafiti.

— Eti panya wenu wanakula kuliko sisi, alianza Nicodemus, aliyeitwa Spika kwa kuwa hakumpa mtu nafasi ya kusema.

— Wanakula. Halafu wananyweshwa dawa, wanachinjwa, ini na figo zinakatwa nyembamba kama karatasi, daktari anazichungulia.

— Ini la panya? Hata mboga halitoshi.

— Anatafuta ugonjwa, bwana.

— Mimi nasikia zinapelekwa Ulaya, wazungu wanawekewa, Saleh akasema akimimina kahawa.

— Ndiyo maana wazungu hawachoki kuchungulia stoo zetu kama panya, Spika akadakia. Na wewe Waliaula, unawachinja hao panya?

— Siwezi. Asubuhi napasha mikono kwanza ndiyo niwashike. Wanashtuka na baridi.

Aoko akatabasamu.

— Na dawa yenyewe ni ipi? akauliza.

— Mwezi huu ni manyasi, ile mizizi tunayochemshia watoto. Panya wengine maini yao yametoka na madoa.

Aoko akaacha kupanga mandazi. Tangu Anyango azaliwe, mama mkwe alimchemshia manyasi kila asubuhi. Na wiki hii macho ya mtoto yalikuwa na umanjano ambao yeye alidhani umeletwa na vumbi.

— Madoa si kitu, Spika akasema. Chui anayo, na nani amemwona chui hospitalini?

— Baba, panya anapewa kiasi gani? Aoko akamuuliza Waliaula.

— Matone tu.

— Huyu wangu anakunywa kijiko. Lakini ni mkubwa kuliko panya. Ini lake sasa likoje?

Waliaula akainama, akayatazama macho ya mtoto.

— Sijui, mama Anyango. Mimi naosha vizimba. Lakini daktari hajatoka maabara. Twende tumuulize.

— Daktari wa panya atamwangalia mtoto?

— Atatuambia tumpeleke kwa nani.

Spika akalivuta beseni la mandazi hadi miguuni pake.

— Nenda, shemeji. Nitauza mimi.