Deni ya Matanga Inafuata Mulango

Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni Mama Bahati, mujane, wa hapa Bagira. Nimesimama kushuhudia namna Bwana alinilipisha deni yenye sikukopa, na kwa kulipa akanifungua.

Tangu bwana yangu afariki, nilikuwa na hamu moja tu: kupata nyumba, nimulete mama yangu kutoka kisiwa cha Idjwi, ngambo ya ziwa, azeekee kwangu. Nilishona nguo za watu mpaka macho ikaniuma. Mwisho nikanunua nyumba kwa muzee mumoja aliyekuwa anahamia Kinshasa. Karani wa komine, ofisi ya serikali ya hapa, akaniambia, "Mama sitwayene, papiye ya kununua iko sawa, nyumba ni yako." Majirani sikuwauliza kitu. Nani anauliza majirani wakati komine imekubali?

Mama akafika na mashua, na kikapo cha viazi. Akakaa mbele ya nyumba kungojea watu wa kumusalimia. Hakuna aliyekuja. Walikuwa wanasalimia nyumba ya kuume na ya kushoto, yetu wanairuka. Siku moja akaniuliza, "Mutoto wangu, nikifia hapa, nani atanilia? Wewe peke yako?" Akachukua kikapo chake, akarudi kisiwani. Ee Mungu wangu! Kuanzia pale, kila asubuhi ukungu ukiondoka juu ya ziwa, naona Idjwi kule mbali, na roho inaniuma.

Nikaenda kwa Mama Nabintu, mukubwa wa wamama wa avenyu yetu, barabara tunayokaa. Hakunificha. "Matanga ikiwa hapa, kila nyumba inaleta kuni na maharagwe, watu wanakuja kulala chini na wafiwa. Yule muzee hakuleta hata ukuni moja. Deni ya matanga inafuata mulango, haifuate mutu."

Nikamwambia, "Lakini Maman, mimi sikukuwa hapa."

"Ni kweli," akasema. "Wafu wetu walikuwa hapa."

Nilikasirika sana, ndugu zangu. Niliomba Mungu amupige yule muzee mahali yuko anakula samaki yake. Siku ya ibada, muhubiri akasoma juu ya Yesu aliyebeba makosa yenye haikukuwa yake. Nilitoka nimenuna, juu nilijua Bwana anasema na mimi.

Basi nikafunga kuni, nikabeba mugongoni, nikaanza na nyumba ya chini kabisa ya avenyu. Pale mutoto alikufa zamani, hata kilio kilisahauliwa. Nikasema, "Nimekuja kulia na ninyi. Nimechelewa, munisamehe." Yule mama akanicheka wazi. "We, hata kaburi imeota majani, na wewe ndiyo unafika?" Akacheka tena, kisha machozi ikamutoka. Akanionyesha mahali mutoto alizoea kukaa. Tukalia wawili, kilio cha kweli.

Ndivyo nilivyopita nyumba kwa nyumba, nikiuliza jina ya mufu, nikisikiliza alikuwa mutu wa namna gani. Kwa Mama Nabintu tuliongea juu ya bwana yake mpaka maharagwe ikaungua. Kidogo kidogo watu wakaanza kupita kwangu kuomba moto, kuomba chumvi. Nikafurahi, nikasema sasa naenda kumuchukua mama.

Mbele ya kwenda, habari ikaja na mashua: mama amefariki.

Nilianguka chini. Sijaamka bado, wamama wakaingia bila hodi, wakakaa chini na mimi. Kesho yake nikawakuta pa bandari, kila mumoja na furushi ya kuni kichwani. Wavuvi wakawacheka: mutu anavusha kuni kupeleka Idjwi, kwenye miti imejaa? Wakapanda mashua na kuni yao. Tulivuka ziwa pamoja. Kwenye kaburi Mama Nabintu akainama, akasema, "Maman, sisi ni majirani wa mutoto wako. Tumekuja kukusalimia."

Ndugu zangu, sitawadanganya. Hamu yangu ya kumuona mama haijaisha. Bado natamani angekaa hata siku moja tu mbele ya ile nyumba, achoke na salamu za watu. Lakini kinyongo Bwana alikitoa kabisa, na upweke pia, namushukuru. Wewe mwenye umebebeshwa mizigo ya mwingine, mutumainie Yesu, anajua uzito wake. Na kama kwenu iko nyumba yenye watu wanairuka, leo ukitoka hapa, upige hodi pale. Mutu aliye ndani anakungojea. Amina.