Usaili wa Mama Perlita

Kwenye basi la kwenda mji wa Iloilo, Ufilipino, Mama Perlita, katibu muhtasi ambaye kazi yake ilikuwa imechukuliwa na kompyuta, alimwambia msichana jirani yake kuwa anakwenda kwenye usaili wa kupokea simu za wateja. "Wataniona kikongwe, mwanangu."

Msichana naye alikuwa akifanya kazi hiyohiyo. "Wapi, mama! Kompyuta inajibu maswali mepesi. Wenye hasira tunaletewa sisi, na siku hizi wanatafutwa watu wazima, maana vijana tunalia. Hebu nikujaribu, mimi ndiye mteja: mtandao wangu umekatika tangu jana, wezi wakubwa nyie!"

Abiria tuligeuka. Mama Perlita akajibu kwa upole: "Pole, mwanangu. Umekula lakini?"

Msichana akaangua kicheko. "Mama, hawaruhusu maswali hayo!"

"Basi watanizoea," akasema, na basi likasimama mbele ya jengo la usaili.