Kiti cha Mpiga Dramu

Benchi la kijiwe cha hapa Mpemba ni ubao uliong'olewa kwenye bodi ya Fuso, na linatazama barabara kuu pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Nyuma yake kuna gereji ya Spana. Mbele kuna jiko la kahawa la Enesi, anayekaanga mwenyewe buni za Iyula mpaka moshi uwatoe madereva machozi. Dumu lake la maji limebonyea kifuniko chote, kazi ya vijiko vya binti Mercy, mpiga dramu wa bendi ya hapa, aliyejifunzia hapo kupiga kabla hajaziona dramu za kweli. Mercy sasa yuko JKT, kajitolea miaka miwili, na ameshatimiza miezi mitano. Jumamosi kuna shindano la bendi Vwawa. Fides, mpiga gitaa wa bendi ya Mercy, mwanafunzi wa mwaka wa tatu Mbeya na mshindi wa midahalo isiyohesabika, alikuwa ameahidi kumpa Brayan fundi matairi jibu saa kumi: kiti cha Mercy atakikalia au hatakikalia. Ilikuwa saa tisa na nusu, na benchi lilikuwa linawajadili Wakorea.

Chanzo ni fulana ya Chumvi. Chumvi ni Jilala, muuza chumvi ya Ivuna, na fulana aliichambua mwenyewe kwenye belo la mtumba. Mbele ina vijana wanne wenye magitaa na dramu, nyuma yao gari limeinuliwa jeki. Mgongoni ina orodha ya miji na miaka.

— Geuka nisome, aliamuru Karatasi, wakala wa forodha ambaye faili halimtoki kwapani. — Elfu mbili kumi na tano, miji saba. Kumi na sita, miji tisa. Kumi na saba, kimya. Kumi na nane, kimya. Kumi na tisa, miji kumi na moja. Jamani, hii ni hati ya safari kabisa. Mzigo ulikwama mpakani.

— Mzigo gani?

— Magitaa. Kama trela la saruji linalala wiki tatu kwa mhuri mmoja, hao waliolala miaka miwili ujue walikosa mihuri mingi.

— Kaka Karatasi, unatupiga kamba mchana kweupe, alisema Fides. — Nimeisoma habari yao yote kwenye simu. Wanaitwa Gamasot. Walianzia chini ya gereji ya baba wa mmoja wao, wakarekodi nyimbo kumi kwa siku moja na maikrofoni moja, wakapiga kwenye vibaa vya watu thelathini. Kisha mpiga dramu akaitwa jeshini. Kwao ni lazima. Wenzake wakamngoja. Hicho ndicho kimya. Akarudi, wakapiga miaka mitatu zaidi, wakaachana bila ugomvi.

Chumvi alitikisa kichwa taratibu.

— Ng'wanone, mwanangu, jeshi halimwachi mtu mwenye mkono ule. Walimpa kazi ya kuwaamsha wanajeshi wote wa nchi. Alipiga mara moja tu, asubuhi, na adui upande wa pili akaamka naye, akapiga mswaki.

— Hakurudi huyo, alisema Spana kutoka chini ya lori, miguu tu ikionekana. — Nimeiangalia hiyo picha vizuri. Aliyerudi ni pacha wake. Wa kwanza bado yuko kambini, ni jenerali sasa, na usiku anapiga meza mpaka mawaziri wanahama nyumba.

— Bro Spana, fulana ina picha moja! Fides alipinga. — Umemlinganisha na nani?

— Ndio maana nakwambia pacha.

Benchi lilicheka. Fides hakucheka. Alisimama, kama anavyosimama chuoni, kidole kimoja juu.

— Hoja yangu ni moja. Walimngoja. Hawakuchukua fundi matairi wa Seoul wakamkalisha. Mtu akiondoka, kiti kinabaki chake. Mercy kaondoka miezi mitano tu, kila mtu ananiambia kiti kiko wazi. Kiko wazi kwa nani?

— Foleni haimngoji mtu, dada, Karatasi alimjibu. — Lori likifika mbele na dereva yuko kwenye supu, la nyuma linapita. Hakuna chuki. Njia isonge.

— Hapo umepotea, Chumvi alidakia. — Kule Ivuna mtu akienda msibani anafunika chungu chake pembeni ya shimo la chumvi. Hata mwezi. Ukikigusa, kijiji kizima hakikuuzii hata mchicha.

— Umeona? Umeona, Kaka Karatasi?

— Naona chungu. Jumamosi chungu kitapiga dramu?

— Basi hatuendi Vwawa!

— Na Nesta, mwenzio wa bendi, aliyekesha anashona nguo za jukwaani?

Enesi aliongeza kahawa kwenye vikombe, akimalizia iliyobaki birikani.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dereva wa Kizambia, Edson, ambaye lori lake lilikuwa halijasogea tangu juzi. Sasa aliweka kikombe chini.

— Samahani, mukwai, wakubwa zangu. Mimi mgeni. Huyo aliyekwenda jeshini, wakati wanamngoja, nani alikuwa anamwandikia barua?

— Yupi, Mkorea?

— Yeyote. Mkorea. Huyu dada yenu.

Karatasi aliangalia faili lake. Chumvi alivuta fulana chini kana kwamba jibu lingekuwa limechapwa tumboni.

Fides alijua kwamba kambini simu haziruhusiwi. Alikuwa amemtetea Mercy kanisani, kwenye gereji, kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya mama yake Brayan. Hata mstari mmoja hakuwa amemwandikia. Wala kumuuliza kama anataka kungojwa.

— Hata anwani sina, alisema, kwa sauti ambayo chuoni hawaijui.

Enesi alijifuta mikono kwenye kitenge, akainua kopo la sukari, akatoa bahasha tano zilizobanwa chini yake.

— Ananiandikiaga kila mwisho wa mwezi. Anwani iko nyuma.

— Shangazi! Miezi yote hii, mbona hukusema?

— Mlikuwa mnaongea.

— Anasemaje kuhusu kiti?

— Mimi ananiuliza dumu. Kama kuna mwingine analigonga. Nikamjibu hakuna. Ya kwenu hajaniandikia, nanyi hamjamuuliza.

Karatasi, bila kuombwa, alichomoa karatasi safi kwenye faili. Wakati huo Brayan akatokea, mikono myeusi kwa matairi, vijiti viwili mfuko wa nyuma.

— Saa kumi hii, da Fides. Nakaa au sikai?

— Jumamosi utapiga. Nesta hatashona bure. Kiti ni kitu kingine, nitakwambia jibu lake likija.

— Jibu la nani?

Edson alinyoosha kikombe. Enesi aliligeuza birika juu chini, likatoa masimbi ya kahawa tu. Fides alilaza karatasi kwenye kifuniko cha dumu kilichobonyea, akaandika tarehe, akaandika jina la Mercy, kisha akabaki ameshika kalamu, akitafuta neno la kuanzia.