Sketi Iliyopunguzwa Mara Tatu

Benchi lile liko mbele ya duka la fundi cherehani. Lina miguu mitatu na tofali moja, na hakuna jambo la dunia hii ambalo halijaamuliwa pale. Fundi mwenyewe, wanayemwita Sentimita, huweka cherehani yake mlangoni ili asipitwe na neno. Jumamosi hiyo alikuwa anapunguza kiuno cha sketi ya shule ya binti yake wa miaka kumi na sita, mara ya tatu mwezi ule, na alikuwa anaipunguza vizuri, maana sifa yake ni mshono usioonekana. Muuza kahawa alikuwa ameshatua birika. Kinyozi wa jirani, aliyepewa jina la Profesa kwa kujua yasiyomhusu, alikuwa na kikombe cha pili. Karani mstaafu, Bwana Faili, alikalia upande wa tofali.

— Sentimita, sketi hiyo si ya juzi? akauliza Faili.

— Ndiyo hiyo hiyo. Mtoto hali. Anakisogezasogeza chakula, kisha huyoo chumbani, mlango unafungwa. Mama yake anasema ni mapenzi. Mapenzi gani, mtoto wa juzi!

Fundi alicheka, lakini uzi ulimkatikia mara mbili. Kinyozi akakohoa.

— Mimi nilijua. Yule kijana wake namnyoa mimi. Mwezi uliopita alitaka nimchore herufi ya binti yako hapa kisogoni. Ikatoka safi! Majuzi karudi, niifute nichore nyingine.

— Ukachora? Fundi akasimamisha cherehani.

— Sasa mteja ameshakaa kitini, nimfukuze? Tena ile ya pili ilinitoa jasho, ina mikunjo.

— Mtoto wangu anafutwa kwa mashine yako, na kila siku unakunywa kahawa na mimi!

— Punguza hasira. Mimi nimelichunguza jambo hili. Ugonjwa unaanzia kwenye nywele. Vijana wote wakinyolewa upara, mapenzi yatakosa pa kushika.

— Upara haumzuii mtu, akasema Faili. Tatizo ni kasi. Sisi tuliandika barua. Unaachwa Januari, habari inakufikia Machi, umeshazoea. Siku hizi mtoto anaachwa kijiko kikiwa mdomoni. Serikali icheleweshe meseji. Kila moja wiki mbili, na stempu juu.

— Kasi wapi! akadakia muuza kahawa. Ni kulala chali na simu. Mtu akilia chali, machozi hayana pa kwenda, yanarudi ndani, yanalowesha ubongo. Ubongo ukilowa ndiyo hiyo wanaiita sonona. Mlaze kifudifudi siku tatu, atapona.

— Kwani wewe ni daktari? akauliza Faili.

— Nimeuza kahawa mlangoni mwa hospitali miaka minne!

Hoja ikapita.

— Wanadekezwa tu, Faili akaendelea. Mimi niliachwa nikiwa na miaka kumi na saba, na sikumfungia mtu mlango.

— Si ndiyo mwaka ule uliotusimulia hukwenda shule? akauliza kinyozi.

— Ile ilikuwa malaria.

— Muhula mzima?

— Malaria ya zamani ilikuwa na nguvu, bwana!

Walicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali. Bwana Faili hakucheka. Alitazama ndani ya kikombe kitupu, akasema kahawa ya leo chungu.

Kumbe kulikuwa na mama mmoja, mgeni mtaani, amesimama na kitambaa kwapani tangu habari ya machozi, akisubiri kupimwa gauni.

— Samahani kaka zangu. Fundi, umejuaje sketi hiyo ipungue kiasi gani? Umempima?

Fundi alifurahi kuulizwa la kazi.

— Sina haja, dada. Anaiacha hapa juu ya cherehani, pini ameshazichoma mwenyewe. Mimi nafuata pini tu.

— Sasa mwenyewe anasemaje?

Kinyozi akatazama birika. Muuza kahawa naye akatazama birika. Fundi akaitazama ile sketi. Habari ya herufi alikuwa nayo, ya stempu anayo, ya ubongo uliolowa anayo. Alijua kiuno kimepungua sentimita saba. Lakini alipotafuta neno moja alilosema mwanawe mwezi ule, alipata "shikamoo baba" tu, na hilo nalo la nyuma ya mlango. Aibu ilimshika, na baada ya aibu, hofu. Akainuka.

— Gauni lako kesho, dada yangu. Nisamehe.

— Unakwenda wapi? akalalamika Faili. Ndiyo kwanza mjadala umenoga!

Nyumba ilikuwa uani, nyuma ya duka tu. Fundi akagonga mlango wa chumba, taratibu.

— Mama, ni baba yako. Sijaleta sketi. Nimekuja tuongee.

Akatega sikio mlangoni.

— Muulize kama analala chali! muuza kahawa akapaza sauti kutoka benchini.

— Hebu nyamaza wewe! akafoka fundi.

Ndani ya chumba akasikia mtoto akicheka kidogo, au akilia, hakuweza kujua ni kipi. Akakaa chini pale pale mlangoni, asubiri kuambiwa.