Fasili ya Mwisho ya Bwana Yaani

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, nikijua wazi kwamba angekuwa anasikia angenikatiza kabla sijafika sentensi ya pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, akiwa mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya zahanati, na wagonjwa waliokosa nafasi kwenye benchi za zahanati walikuja kungojea mlangoni kwetu, wakaumwa mbele yetu tukila. Hapo ndipo alipoanza tabia iliyompa jina, kwani kila aliyesema anaumwa, yeye, kitoto ambacho hata meno ya utoto hayajamalizika kung'oka, alimsogelea na kumuuliza, "Yaani?", na hakubanduka mpaka aonyeshwe mahali kwa kidole. Wapo humu ambao hawakuwahi kumwita vingine, Bwana Yaani tu, na yeye aliitika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akaingia sekondari mwaka 1978, na mwaka 1989 akahitimu shahada ya baiolojia, ingawa njia nzima walimu wake walilalamika kwamba maswali yake yanakula kipindi. Alifundisha sekondari hadi mwaka 2000, alipohamishiwa ofisi ya istilahi, ghorofa ya pili, chumba cha meza tatu na dirisha lisilofungika vizuri, kazi yake ikiwa kuandika fasili za maneno ya tiba na baiolojia, kuanzia bandama hadi kimeng'enya, ili mwanafunzi na mgonjwa wasome wenyewe na waelewe.

Tarehe 7 Desemba 1991 alimuoa fundi cherehani, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa binti mwaka 1993, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, na kijana mwaka 1997, ambaye ni fundi umeme. Ndoa hiyo ilikuwa pia ofisi, maana marehemu hakupitisha fasili yoyote kabla ya kumsomea mkewe, akiwa amelifunika neno lenyewe kwa kiganja, na fundi, pini zikiwa mdomoni, alitakiwa alitaje. Akitaja kitu kingine, fasili inachanwa, na hapakuwa na rufaa. Aliposomewa kimeng'enya, kile kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, akajibu hamira, marehemu akacheka mpaka akakohoa, kisha akarudi mezani akaiandika upya, chakula kikipoa na sisi wageni tukitazamana.

Mara moja tu aliivunja kanuni hiyo, nami nasema hili kwa idhini ya shemeji. Mwezi wa Julai mwaka huu, mtambo wa uchapaji ukiwa unangoja kitabu cha fasili cha ofisi yao, alimsomea fasili ya kiungulia, maumivu ya kuchoma katikati ya kifua, na shemeji akajibu, moyo. Marehemu alikuwa amechoka, akasema kiungulia nani asiyekijua, akaipitisha, na kitabu kikaenda.

Jioni ya tarehe 9 Septemba, baada ya kula, kifua kilianza kumchoma, akaenda duka la dawa, na muuza dawa alipomuuliza anaumwa wapi, yeye akajibu anaumwa nini, kiungulia, akapewa vidonge vya kutuliza tumbo akarudi navyo. Shemeji alimsihi waende hospitali, usiku huo na kesho yake, akapata jibu moja, "Kiungulia nakijua, nimekiandika mwenyewe." Mkono wa kushoto uliokuwa mzito hakuutaja kwa yeyote hadi alipolazwa, kwa sababu haukuwemo kwenye fasili yake. Tulimpigia simu, tukamtania kwamba amekula sana, naye akacheka, na linaloniuma hadi leo, na sijui litaacha lini, ni kwamba mtu aliyeuliza watu wote maisha yake yote, siku yake ilipofika hakupata hata mmoja wa kumuuliza, Yaani?

Tarehe 12 Septemba alianguka kwenye ngazi za ofisi, akapelekwa hospitali, na madaktari wakakuta mshipa unaopeleka damu kwenye moyo umeziba, na sehemu ya moyo imeshakufa. Mhariri mwenzake alimletea wodini nakala ya kwanza ya kitabu, tukidhani atafurahi, naye akafungua kwenye herufi K, akasoma, akakilaza kifuani, halafu akamwomba binti yake karatasi. Alimtamkia fasili mpya kwa vipande, akipumzika katikati, jioni ya tarehe 18, shemeji akiwa amekwenda nyumbani kuoga na kulala, akasema akirudi atamsomea. Alfajiri ya tarehe 19 Septemba alituacha, shemeji akiwa njiani anarudi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliobeba viti na kuchota maji bila kuombwa, muuza dawa aliyekuja kulia nasi, na asijilaumu, pamoja na wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya pili, ambao wameahidi kurekebisha toleo lijalo. Mhariri alitukumbusha, kwa heshima, kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyewakataza kuweka ushauri ndani ya fasili, na ni kweli, lakini hili ndilo alilotamka, na kwa kuwa kitabu kimeshatoka bila hilo, nimeagizwa nilisome hapa, mlibebe nyinyi.

Kiungulia ni hali ya kusikia kuchoma kifuani, hasa mtu akishiba au akijilaza, inayoletwa na asidi ya tumbo kupanda kwenye umio. Maumivu yanayobana, yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya, au yanayokuja na jasho na pumzi fupi, si kiungulia hata yakichoma, na anayeyapata asiyape jina, aonyeshe mahali, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Jana, nyumba ikiwa imejaa watu, binti alikaa karibu na mama yake, akalifunika neno la kwanza kwa kiganja, akamsomea yote mpaka mwisho, na fundi akalitaja bila kusita.

Imepita, kaka. Pumzika kwa amani.