Ua la Mistari Mingi

Benchi letu liko nje ya karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea, kati ya lundo la mabomba na birika la muuza kahawa. Siku hiyo Cheche hakugusa hata geti la mteja. Alikuwa amejiunga na darasa la Kijapani la jioni, na sote tulijua kilichompeleka: dada wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara alikuwa ameshatangulia huko, sarufi kaimaliza, sasa yuko kwenye fasihi. Mchana huo Cheche alitaka kumpa shairi. Tabu ni kwamba msamiati wake ulikuwa bado wa kununulia samaki.

— Kijapani kigumu, jamani, alisema Cheche. Kitenzi kinakaa mwisho. "Mimi kahawa nakunywa."

— Ebo! alisema Kamusi, mchora mabango, ambaye hakuna neno asilolijua na hakuna analolijua sawasawa. Kwa hiyo mtu akianza, "Mimi wewe leo jioni...", hujui kama anakualika au anakupiga?

— Unasubiri amalize.

— Mimi ningekuwa nimeshafika kwetu, alisema Breki, dereva wa lori ambaye mdomo wake ndio hauna hiyo breki.

Nikauliza maneno yenyewe yakoje.

— "Mimi" kwao ni sikio, alijibu Cheche. Na "nani" kwao ni "nini".

— Nilijua! Breki akaruka. Hao ndugu zetu waliopotea! Zamani mzee wao aliulizwa, "Nani?" Hakusikia vizuri, akashika sikio, akajibu, "Mimi?" Karani naye akaandika hivyohivyo. Damu nzito kuliko maji!

— Na shairi lao likoje? akauliza Kamusi.

— Mistari mitatu. Mizani tano, saba, tano.

— Maskini, limekatwa miguu! Ndiyo maana tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hata hivyo tulimsaidia. Cheche akatafuta maneno kwenye simu, muuza kahawa akahesabu mizani kwa kugonga vikombe, mpaka likatoka:

*Asa no mise*
*anata wa watashi*
*no hana desu.*

— Maana yake, alisema Cheche, uso umemwiva, "Duka la asubuhi, wewe ni ua langu."

Ikabaki kuliandika. Wajapani maneno mengine wanayachora, na kwenye simu ya Cheche "hana" ilikuwa na michoro miwili. Kioo kilikuwa kimepasuka palepale penye maana.

— Huu una mistari michache, alisema Kamusi. Huu una mara mbili yake. Mapenzi yako madogo?

— Makubwa!

— Basi tunachukua wa mistari mingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Akauchora kwa brashi ya mabango, rangi nyeusi, ukapendeza.

Dada wa dawa akavuka barabara na koti lake jeupe. Cheche akampa karatasi, macho chini. Dada akasoma. Akasoma tena. Akajishika pua.

— Kaka Cheche, "Duka la asubuhi, wewe ni pua yangu"?

Breki akainama nyuma ya birika. Kamusi akajitosa kuokoa jahazi:

— Pua ni kiungo kikubwa, dada. Bila pua, miwani ingekaa wapi?

Dada aliikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni mwa koti.

— Kijapani tukiache, akasema. Kwa Kiswahili, ulitaka kuniambia nini?

Benchi zima, lililokuwa na lugha mbili sasa hivi tu, likabaki bila hata moja. Kamusi akageukia mabomba. Mimi nikachungulia kikombe kitupu. Cheche akashika brashi ya Kamusi, akaiweka, akaishika tena.

Dada akamsukuma Breki kwa kiwiko, akaketi.

— Fikiri tu, kaka, alisema. Sina haraka.